Mama Aliyenioa na Lundo la Fifi

Mjukuu wangu anayefanya kazi Musoma mjini alikuja Nyasura kuniona, akaniambia jambo kwa aibu kidogo, huku anachezea mkoba wake. Kumbe kila wiki anakwendaga kwa mshauri.

"Bibi, usinicheke. Ni dada mmoja tu, tunakaa tunaongea. Hanipi dawa wala sindano."

"Mnaongea nini?"

"Ananiuliza ninawaza nini juu yangu mwenyewe. Nikimwambia mimi sina maana, ananiuliza nimejuaje. Nikisema mambo yangu yote yameharibika, anasema haya, tuyatazame moja moja."

Nilicheka, akanuna. Ikabidi nimshike mkono. Nikamwambia, "Sikucheki wewe. Nacheka kwa sababu hiyo kazi mimi nilifanyiwa kabla mama yako hajaota meno. Ila sisi tulikuwa na pamba hapo katikati."

Akasema niiandike. Mimi kuandika nilijifunzia elimu ya watu wazima, tena nikiwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo mtanivumilia. Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, hadi la mbwa wetu, lakini sitayataja. Wengine wana wajukuu wanaosoma.

Mimi kwetu ni upande wa Butiama. Huku Bunda nililetwa kwa kuolewa, na aliyenioa ni mwanamke. Msishtuke. Huku Mara ni desturi ya zamani, tunaiita nyumba ntobu. Mama akifiwa na mume, na hakujaliwa mtoto wa kiume, basi anatoa ng'ombe zake, anaoa binti, na watoto wa yule binti wanakuwa wa nyumba yake ili boma lisife. Nilimwita mama. Yeye akifurahi aliniita mke wangu, watu wakacheka, naye akacheka kuliko wao. Baba wa watoto wangu alikuwa mvuvi wa Murangi, mtu mzuri, lakini alikuwa kama samaki: unamwona leo, kesho maji yametulia tu.

Mama alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa ya mtu mrefu. Alinusaga ugoro, na kabla ya kusema neno zito ni lazima apige chafya. Tulimzoea. Akianza kukunja pua, wote tunanyamaza.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa kiume. Nyumba ilijaa vigelegele, maana ndiye aliyekuwa anasubiriwa. Akachukuliwa na surua akiwa anaanza kutembea. Tukamzika nyuma ya nyumba, chini ya kilima chenye mawe yaliyopandana. Haukupita muda nikapata mimba nyingine, na mimba ikiwa kubwa ndipo ikaja habari ya kuhama. Serikali ilisema tukae pamoja vijijini, tupate shule na maji na zahanati. Sisemi vibaya, shule tuliipata na maji tuliyapata. Ila siku ya kuhama, lori lilikuja, wanaume wakateremsha paa, tukapakia vyungu na kuku na kitanda. Mimi nikapandishwa mbele karibu na dereva kwa sababu ya tumbo. Gari likaondoka, na kaburi la mwanangu likabaki mahameni peke yake.

Nilijifungulia kijiji kipya. Mtoto wa kike. Mama alimpokea kwa furaha kweli, akamtemea mate ya baraka kifuani, lakini mimi nilisikia kama mtu amezima taa ndani yangu.

Sijui niielezeje hali ile. Nilikuwa ninaamka na kichwa kama nimebeba mtungi. Mvua ikinyesha juu ya mtama uliotandazwa nje, ninaiona, ninajua mtama unalowa, na miguu haiendi. Lori likipita barabarani moyo ulinipiga mpaka nikashika ukuta. Nywele sikuchana. Mtoto akilia nilimnyonyesha huku nimegeuza uso upande. Mama ndiye aliyekuwa anamwogesha, anamfunga mgongoni, anakwenda naye shamba.

Watu walisema mengi. Kisimani wanawake walisemezana nikiwa palepale, "Mke wa mwanamke amelala kama chatu aliyemeza mbuzi." Jirani mmoja akasema nimerogwa na watu wa kwetu. Mwingine, mama wa kanisani, alinijia na maneno ya kunitia moyo: usiwaze, mshukuru Mungu, wako wasio na hata huyo mmoja. Alikuwa mwema, nasema kweli, lakini akiondoka nilikuwa nimeongezewa mzigo, maana sasa nilikuwa mbovu na tena sina shukrani. Mama akanipeleka Musoma hospitali. Wakapima damu, wakasema hana malaria, hana kitu. Tukarudi na basi, na mimi njiani nikawaza: hata hospitali wamesema sina kitu.

Ndipo mzee mmoja wa ukoo, mdogo wake marehemu mume wa mama, akaja na neno. Huyu kwa heshima tulimwita baba. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha fimbo yake kuelekea mlango wa chumba changu kama anaonyesha ndama mgonjwa.

"Shemeji," akamwambia mama, "huyu binti arudishwe kwao. Ng'ombe warudi, uoe mwingine mwenye nguvu. Mtoto anabaki, ni wetu."

Nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia kila kitu. Na la kutisha ni hili: nilikubali. Nilijisemea ana haki mzee huyu, mtoto atakua vizuri bila mimi.

Mama alikunja pua, akapiga chafya. Akasema, "Ngoja tuuze pamba kwanza. Siwezi kuchambua pamba yote peke yangu. Pamba ikishauzwa, tukae wazee tusemezane."

"Sawa, ila pamba ikiuzwa, shemeji, sitaki maneno mengine."

"Ikiuzwa."

Basi nikajua: siku mzani wa ushirika utakapofungwa, nitapelekwa Butiama, na mwanangu atabaki Bunda.

Kwa wasiojua pamba nieleze. Ukishavuna, unaitandaza nyumbani, mnakaa mnaichambua. Nyeupe isiyo na takataka ni safi, inakwenda lundo lake. Iliyopigwa na mvua, yenye madoa ya wadudu au iliyooza ni fifi, inakwenda lundo lake. Ukichanganya, karani wa ushirika anakurudishia gunia mbele ya watu, na aibu hiyo haipoi mwaka mzima.

Asubuhi mama aliingia chumbani, hakuniuliza naumwa wapi. Alisema, "Njoo unisaidie macho, yangu yamezeeka." Akatandika jamvi, akanikalisha ubavuni kwake, sio mbele yake. Bega kwa bega, wote tunatazama pamba. Baadaye sana nilimuuliza kwa nini alikaa hivyo, akasema mtu ukimtazama usoni anakujibu unachotaka kusikia, lakini mkitazama kitu kimoja wote, maneno yake yanatoka yenyewe.

Siku za kwanza hatukuongea. Alichambua, nikachambua. Mtoto alilala kwenye kapu. Mara mojamoja mama alisema tu, "Leo umechana nywele upande mmoja. Si haba," au alinituma maji, debe dogo, nirudi. Kesho yake akanituma niinjike ugali, yeye atasonga. Kazi ndogo ndogo, kama anamlisha kifaranga. Hakunisifu kupita kiasi, wala hakunihimiza.

Halafu jioni moja tulipokuwa tunakusanya, alisimama akatazama malundo yangu. Lundo la safi lilikuwa dogo kama kiota. Lundo la fifi lilikuwa limenifika kiunoni.

"Mwaka huu mvua haikupiga pamba yetu," alisema. "Hii fifi yote imetoka wapi?"

"Ni chafu, mama."

Akainama, akachomoa tonge moja katikati ya lundo la fifi. Nyeupe pe! Akaliweka kwenye kiganja changu.

"Nionyeshe palipochafuka."

Nikaligeuza na kuligeuza. Palikuwa na kipande cha jani kikavu. Nikamwonyesha. Akakitoa kwa ukucha, akakipuliza.

"Jani limetoka. Sasa?"

Nilikasirika. Nilimwambia, "Mama, mimi sijui hata kuchambua pamba. Umeona sasa? Baba amesema kweli, mimi sifai kitu." Nikalitupa lile tonge, likampiga shingoni, likanata pale.

Hakuliondoa. Alikaa chini tena na ugoro wake, akapiga chafya, na lile tonge likatikisika shingoni kama ndevu. Nusura nicheke. Akasema polepole, "Wewe ulianza kuchambua pamba kwenu ukiwa na meno ya utoto. Kwa hiyo kujua unajua. Ila mwezi huu macho yako yanaumwa, yanakuta jani moja yanatupa tonge zima. Sikulaumu. Mwenye homa akisema uji ni mchungu hatumpigi. Lakini niambie, mke wangu, macho hayo kama yanakosea juu ya pamba, ukiyageuza kujitazama mwenyewe, hayakosei?"

Swali likaingia nami chumbani. Nililala nalo.

Kuanzia hapo tukawa na desturi yetu. Tukichambua pamba tunachambua na maneno. Neno likinijia kichwani nalisema kwa sauti, vile lilivyo, hata kama la aibu. Yeye halishiki haraka. Analirudia kwanza, "Unasema mimi sifai kitu," ili nilisikie likitoka mdomo wa mtu mwingine. Halafu anauliza, "Nani kasema?" Halafu, "Kitu gani? Taja." Na mwisho, "Tuliweke wapi?"

"Mimi ni mama mbaya."

"Unasema wewe ni mama mbaya. Umefanya nini?"

"Namnyonyesha huku nimegeuka."

"Amelala njaa?"

"Hapana."

"Basi sema hivyo, namnyonyesha nikiwa nimegeuka. Hilo ni kweli, ni jani. Usitupe tonge zima."

Siku nyingine nilimwambia, "Niliolewa nilete mtoto wa kiume, wa kiume kafa, nimeleta wa kike. Nimekula ng'ombe zako bure." Mama aliacha kuchambua kabisa. Ndipo akanisimulia ya kwake. Alivyozaa mabinti tu, wakaolewa wote wakaenda, na akiwa kijana wenzake walimwita nyumba isiyo na mlango. Aliliamini neno hilo miaka. Mpaka siku moja akiwa analima akajiuliza nani hasa amesema, akahesabu wasemaji, akakuta ni wanawake wawili, na mmoja wao mlevi.

"Watu wawili!" akasema. "Mimi nilidhani ni dunia nzima."

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Nadhani ndicho kicheko changu cha kwanza tangu lori.

Msidhani nilipona kama mtu anavyomeza kidonge. Zilikuwako siku nilirudi kitandani nikafunika kichwa, naye akachambua peke yake, bila kelele. Kesho yake jamvi lilikuwa limetandikwa kwa watu wawili vilevile. Na iko siku hata yeye alikosea. Nilikuwa nimemwambia neno lililonikaba kuliko yote: "Nilimtupa mwanangu mahameni." Akauliza kama kawaida yake, nani kasema, ulimtupaje, eleza. Nikaeleza siku ya lori, jinsi nilivyopandishwa, jinsi nilivyogeuka nikaona vumbi tu. Akasema, "Basi hukumtupa. Ulipakiwa. Hilo ni fifi, litoe."

Nikalia. Nikamwambia, "Nimelitoa, mama. Ila bado namtaka. Hilo nalo niliweke lundo gani?"

Alikaa na tonge mkononi muda. Mtu mwenye majibu kama yule, kumwona hana jibu, hata leo namheshimu kwa hilo kuliko majibu yake. Akasema, "Umenishinda. Hilo halichambuliwi. Hilo mtu analikalia tu."

Na tukalikalia. Hakusema usilie. Hakusema Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Alilia na yeye, maana alikuwa mjukuu wake, na mimi kwa ujinga wa uchungu wangu sikuwahi kufikiri kwamba na yeye amefiwa.

Asubuhi akasema leo hatuchambui, tunakwenda mahameni. Nikambeba mtoto mwenyewe mgongoni. Njiani lori lilitupita, moyo ukaanza kupiga. Mama akanishika kiwiko, "Simama. Ni gari. Limebeba nini?" Nikatazama. "Magunia." "Basi ni gari la magunia." Tukaendelea.

Mahameni nyasi zilikuwa zimekwishasimama mpaka kwenye mafiga. Tulipalilia lile kaburi, tukalizungushia mawe mapya. Nilimshusha binti yangu nikamkalisha kwenye nyasi karibu na kaka yake. Alinitazama. Na mimi nikamtazama, usoni kabisa, nikaona ana kishimo shavuni. Mtoto alikuwa anakaa mwenyewe, tena anakaribia kuota meno, na mimi ndio kwanza naona kishimo chake.

Pamba tukamaliza kuichambua. Lile lundo langu la fifi tulilipitia upya wote wawili, tonge kwa tonge, na sehemu kubwa ikahamia kwa safi. Ushirika hawakuturudishia hata gunia moja.

Kisha wazee wakaja, kama walivyosema. Walikaa uani. Baba yule na fimbo yake, wazee wengine wa ukoo, na balozi wa nyumba kumi awe shahidi. Mimi nilisonga ugali, nikawawekea na samaki furu wa kukaushwa wa kuchemsha na nyanya. Wakala, wakanawa, nikaondoa vyombo. Mwanangu mgongoni.

Nilimtegemea mama aseme. Nilijua amejiandaa, maana asubuhi nzima alikuwa anatembeatembea nyuma ya nyumba akisemasema peke yake. Baba akafungua kikao, akasema yale yale: binti huyu hafai kitu, arudishwe, mtoto abaki. Wote wakamgeukia mama. Mama akakunja pua. Tukangoja chafya.

Haikuja. Alifuta pua yake kwa khanga, akanitazama mimi, akanyamaza.

Moyo ulinidunda kuliko siku zote za lori. Nikapiga goti mbele ya yule mzee, nikasema, "Baba, kwa heshima. Unasema mimi sifai kitu. Kitu gani? Nitajie, nikijue."

Wazee wakatazamana. Baba akakohoa. "Kwanza hupiki."

"Ugali huu uliokula, baba, kapika nani?"

Balozi akacheka puu, akajidai anakohoa.

"Husemi na watu! Unakaa kimya kama gogo."

"Na hapa, baba, nafanya nini?"

"Aaa, mtoto hulei! Analelewa na shemeji."

"Hilo lilikuwa kweli," nikasema. "Nilikuwa mgonjwa, mama akanisaidia, silikatai. Lakini leo mtazameni. Ni nani amembeba?" Na pale sauti ikaanza kunitoka vibaya, nikaiacha itoke hivyohivyo. "Nimemzika mmoja, baba. Huyu simwachi. Mkinirudisha Butiama mtanirudisha na yeye, na mkimbakiza, mimi nabaki naye. Kama nina kasoro nyingine itajwe hapa, nitaitengeneza. Lakini msinitupe mzima."

 Yule mzee akaanza kuchekea tumboni, mabega yanatikisika.

"Shemeji," akamwambia mama, "mgonjwa wako amepona mdomo kupita kiasi. Nani atamrudisha mtu wa mdomo huu? Kwao watatudai fidia." Akanyanyuka na fimbo yake. "Haya. Abaki. Ila hao furu, binti, mara nyingine uzidishe chumvi."

"Hilo ni kweli, baba," nikasema, "nitazidisha."

Walipoondoka nilikaa chini kwenye lile jamvi, mtoto bado mgongoni. Mama akaja kukaa ubavuni kwangu, kama kawaida yetu, wote tunatazama mlangoni. Ndipo akapiga chafya ile aliyokuwa ameizuia, kubwa, mpaka mbwa akabweka.

"Mke wangu, leo umenifanyia vibaya," akasema. "Nilikuwa nimeandaa maneno mengi sana."

"Maneno gani, mama?"

"Nimeyasahau. Mgeuze mtoto, anakutafuta."